Akiba ya sehemu kumi

Saa tatu usiku simu inaanza kulia. "Mtunzi, leo kimya?" "Dada mtunzi, usitufanyie hivyo, arosto imetushika." "Basi weka hata nusu." Kila anayeandika hadithi za mfululizo na kuziuza mwenyewe kwenye WhatsApp au Telegram anazijua jumbe hizi. Usiku ambao sehemu iko tayari, ni tamu kuzisoma kuliko hata ujumbe wa muamala. Usiku ambao haipo, mtu huzima simu na kugeukia ukutani.

Nimewahi kuizima. Hadithi yangu ilikuwa imefika sehemu ya 31 na wasomaji walikuwa wamelipa hadi mwisho wa mwezi. Sehemu ya leo niliiandika leo hiyohiyo, jioni baada ya kazi, nikaibandika kabla sijaisoma mara ya pili. Jumanne mtoto akashikwa na homa. Jumatano tukalala hospitali. Alhamisi usiku nilirudi nyumbani, nikafungua kundi, nikagundua kwamba sikumbuki tena mhusika wangu alikuwa anakwenda wapi na kwa nini. Niliomba radhi, nikaahidi Jumatatu. Jumatatu ikapita, na ile iliyofuata ikapita. Waliodai pesa zao niliwarudishia. Wako ambao hawakudai, wakanyamaza tu na kujitoa kimyakimya, na hao ndio ninaowakumbuka hadi leo.

Tangu wakati huo nimehariri hadithi za wenzangu wengi, na kila ninapokutana na mtunzi aliyekwama njiani namuuliza swali lilelile: siku uliyotoa sehemu ya kwanza, ulikuwa na sehemu ngapi mkononi? Hunijibu mbili, tatu, akijitahidi sana tano. Kisha huniomba nimfundishe kuandika haraka. Anaamini ugonjwa wake ni kasi, na wengine huamini ugonjwa ni wezi wa nakala, au wasomaji wasiopenda kulipa. Mimi naona tofauti. Hadithi nyingi zinazouzwa na watunzi wenyewe zinafia kwenye siku moja ya homa, umeme kukatika au msiba, kwa sababu siku ya kuandika na siku ya kutoa zimefanywa kuwa siku moja.

Waliotutangulia walikuwa na kinga ambayo wenyewe labda hawakuihesabu kuwa kinga. Elvis Musiba, mfanyabiashara aliyetupa mhusika Willy Gamba, alitoa baadhi ya riwaya zake kwa kampuni yake, Continental Publishers. Ben Mtobwa, aliyemzaa mhusika Joram Kiango, alianzisha kampuni ya Heko. Nairobi, miaka ya 1970, David Maillu alianzisha Comb Books akauza vitabu vyembamba vya bei ndogo kwa watu ambao hawakuwa na mazoea ya kuingia duka la vitabu. Hawa wote walijitegemea, tena kwa mtaji wa karatasi na wino uliokuwa tayari kumfilisi mtu. Lakini mashine ya uchapaji haikubali nusu ya kitabu. Ilikuwa lazima umalize ndipo upeleke kiwandani. Hata hadithi za magazeti pendwa, zile za Eric Shigongo na wenzake zilizofanya watu wapange foleni kwa muuza magazeti asubuhi, zilipita mezani kwa mhariri ambaye ukurasa wake usingeweza kutoka mtupu. Aliposikia mwandishi anaumwa alijua afanye nini.

Simu imeondoa gharama ya karatasi, na hilo ni jambo jema kupita maelezo. Binti aliye Sumbawanga anaweza leo kuwa na wasomaji Muscat na Lubumbashi bila kumpigia mtu magoti. Lakini simu imeondoa pia ule mlango uliotulazimisha kumaliza kwanza. Sasa mlango huo lazima tujijengee wenyewe.

Kwenye suala la kiasi cha kuandika kwa siku, mtu aliyenifundisha zaidi alikuwa mfanyakazi wa Posta. Anthony Trollope, Mwingereza, aliajiriwa Posta mwaka 1834 akiwa na miaka 19, akabaki humo hadi 1867. Hakuwa karani wa kusinzia: ni kwa pendekezo lake yaliwekwa masanduku ya kwanza ya barua ya barabarani katika visiwa vya Channel mwaka 1852. Katikati ya ajira hiyo, akizunguka kukagua ofisi, aliandika riwaya, na hadi anafariki mwaka 1882 alikuwa ameandika 47.

Alimlipa mtumishi wake mzee pauni 5 kwa mwaka, juu ya ujira wa kawaida, ili amwamshe na kumletea kahawa, na saa kumi na moja na nusu alfajiri awe ameketi mezani. Alifanya kazi saa tatu. Nusu saa ya kwanza alisoma aliyoyaandika jana, akisikiliza jinsi maneno yanavyolia sikioni. Kisha akaweka saa mbele yake na kujiwekea lengo la maneno 250 kwa kila robo saa. Saa mbili na nusu zina robo kumi. Hayo ni maneno 2,500, yote kabla ya chai, kabla ya Posta kumdai jasho lake. Alikuwa na daftari aliloandika idadi ya kurasa za kila siku, ukurasa mmoja akiuhesabu maneno 250. Kwa wastani alipata kurasa 40 kwa wiki. Wiki mbaya alipata 20, na kuna wiki alifika 112. Siku aliyokaa bila kuandika, pengo lilibaki wazi kwenye daftari likimtazama.

Alipoyaeleza haya katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1883 yeye akiwa kaburini, wahakiki wengi walichukizwa. Walitaka mwandishi angoje kushukiwa na kitu kutoka juu, na huyu alikuwa anajilinganisha na fundi viatu bila aibu. Mimi nasimama na fundi viatu. Nimeona watunzi wa Kiswahili wenye vipaji vya kutisha wakikaa miezi minne wakingoja kushukiwa, huku wasomaji wao wakihamia kwa mtu asiyefikia hata nusu ya uwezo wao ila anatoa kila Jumatatu.

Wanaomsimulia Trollope hupenda kuitaja ile saa ya mezani, na wanaomwiga hununua saa. Nikitazama vizuri naona siri ilikuwa katika ile nusu saa ya kusoma ya jana na katika daftari. Kusoma ya jana kulimrudisha ndani ya hadithi, akawa haanzi na ukurasa mtupu. Daftari likamzuia asijidanganye. Sisi sote tunakumbuka tuliandika "kama maneno elfu" juzi. Ukifungua faili unakuta 420.

Hapa lazima nisimame kidogo kwenye hesabu ya maneno, maana inawavunja watu moyo bure. Vitabu vya kufundisha uandishi tunavyovisoma vimeandikwa kwa Kiingereza, na vinataja maneno 2,000 kwa siku, kiwango ambacho mtunzi Stephen King aliwahi kusema ndicho chake. Kijana anajipima kwa fimbo hiyo, anaishia maneno 1,300, anajiona mvivu. Lakini Kiswahili kinafungasha. Tunaposema "hawakumwambia" tumetumia neno moja. Mwingereza lazima atumie matano. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati, mtendwa na kukanusha, vyote ndani ya kifurushi kimoja. Kwa hiyo maneno 1,300 ya Kiswahili yanaweza kubeba tukio ambalo Mwingereza angelimalizia kwenye maneno mengi zaidi. Usijipime kwa kipimo cha lugha nyingine. Kwa sehemu ya kusomwa kwenye simu, mtu akiwa kwenye daladala au akisubiri maharage yaive, maneno 1,200 yanatosha kabisa, na hicho ndicho kiwango cha siku ninachowashauri wenye ajira na watoto.

Maneno 1,200 yanapatikanaje kwa mtu aliyechoka? Jibu langu halitakufurahisha ukitafuta dawa ya kutia nguvu: yanapatikana jana yake. Nimeangalia kazi yangu na ya wenzangu, na muda mwingi unaopotea mezani haupotei kwenye kuandika. Unapotea kwenye kuamua. Unakaa, unatazama skrini, unajiuliza mhusika wako Zawadi ataingia ofisini kwa bosi au atarudi nyumbani. Dakika 40 zimekwenda, unafungua Facebook kupumzisha akili, na akili hairudi. Lakini ukiwa umeamua jana usiku kwamba Zawadi anaingia ofisini, anataka barua ya kuachishwa kazi aliyoandikiwa dada yake, bosi anamkaribisha kwa ukarimu usiotarajiwa, na anapotoka amegundua kwamba sahihi ya kwenye barua ni ya mume wake mwenyewe, basi asubuhi kazi iliyobaki ni kusimulia. Na kusimulia ndiko tulikokulia.

Mistari minne, basi. Nani anataka nini, nani anamzuia, nini kinabadilika, na pa kukatia ni wapi. Naiandika kabla ya kulala kwenye karatasi, hata kama siku yenyewe ilikuwa mbaya. Siku nisiyoiandika, kesho yake huwa naijua kabla sijaketi. Ernest Hemingway alikuwa na mazoea ya kuacha kuandika pale anapojua kitakachofuata, ili kesho aanzie kwenye mteremko. Mistari minne inafanya kazi ileile kwa sisi ambao huacha kuandika kwa sababu mchele umeungua.

Jambo la pili ni kutenganisha mkono unaoandika na jicho linalosahihisha. Usirudi nyuma kurekebisha sentensi wakati sehemu haijafika mwisho. Anayerudi nyuma kila aya anajenga ukuta huku akipiga rangi tofali moja moja. Andika hadi pa kukatia, ufunge. Kusahihisha kuna siku yake, na nitaieleza.

Wako wanaoniambia hawana hata saa moja ya kuandika alfajiri, na wengi ni kina mama, wala siwabishii. Kwao nasema watumie mdomo. Simu nyingi za sasa zina kibodi inayopokea Kiswahili kwa sauti na kuandika yenyewe. Inakosea majina, inaunganisha vibaya, haijui nukta iko wapi. Lakini ukiwa unafua au unatembea kwenda kituoni na mistari yako minne kichwani, dakika 20 za kusimulia kwa sauti zinakupa rasimu yenye mazungumzo hai kuliko ya mezani. Nimehariri hadithi zilizoandikwa namna hii, na wahusika wake huongea kama watu wa mtaani kwetu. Makosa utayasafisha, lakini kinywa kilicho hai hakitengenezwi, unacho au huna.

Na uwe na daftari la hadithi yenyewe, mbali na lile la kurasa. Majina, umri, kovu liko shavu lipi, nani anajua siri ipi, gari ni la rangi gani, tukio lilikuwa siku gani. Hadithi yenye sehemu 60 ni kubwa kuliko kumbukumbu ya mtu. Mama aliyezikwa sehemu ya 9 akipokea simu sehemu ya 44, wasomaji 150 watakuambia ndani ya dakika moja, na baada ya hapo hawatakuamini tena hata pale unapofanya makusudi.

Sasa tuje kwenye akiba. Trollope alikuwa na kanuni kwamba mwandishi abaki na uwezo wa kuulinganisha mwanzo na mwisho, kwa hiyo sehemu ya kwanza isitoke kabla ya mwisho kuandikwa. Aliivunja alipoombwa riwaya ya kuanza upesi katika jarida jipya la London, The Cornhill, na riwaya hiyo, Framley Parsonage, ikampa wasomaji wengi kuliko aliokuwa nao mwanzo. Hata hivyo aliendelea kuitetea kanuni yake, akiwataja wenzake waliofariki na kuacha hadithi zikining'inia. Riwaya yake ya mwisho ilianza kutoka kabla hajaimaliza. Alifariki Desemba 1882, na haikumalizika.

Mwingereza mwingine, Charles Dickens, mwaka 1870 alikuwa anatoa The Mystery of Edwin Drood kwa sehemu 12 za kila mwezi. Alifariki tarehe 9 Juni, sehemu tatu zikiwa zimetoka. Wasomaji wakapata nyingine tatu, za Julai, Agosti na Septemba, kutoka kwa mtu aliyekwisha kuzikwa, kwa sababu alikuwa ameandika mbele. Kisha ikakatika, na hadi leo watu wanabishana muuaji ni nani.

Ningekuwa mkali ningesema: andika yote sitini ndipo utoe ya kwanza. Sisemi hivyo, na sababu ni Dickens huyohuyo. Alipoanza The Pickwick Papers mwaka 1836, sehemu ya kwanza ilichapwa nakala kama 1,000, na mauzo yalikuwa ya kusikitisha. Katika sehemu ya nne akaingia kijana mng'arisha viatu wa hotelini, Sam Weller, mwenye ulimi wa mjini. Wasomaji wakampenda, Dickens akasikia, akampandisha cheo katika hadithi. Kufikia mwisho wake mwaka 1837 kila sehemu ilikuwa inauza nakala kama 40,000. Angekuwa amemaliza yote kabla, Sam Weller angebaki mng'arisha viatu. Andy Weir wa Marekani alibandika riwaya yake, The Martian, sura kwa sura kwenye tovuti yake bure kuanzia 2009, wasomaji wenye ujuzi wakamsahihisha sayansi yake, wakamwomba aiweke kwenye duka la Kindle, akaiweka kwa senti 99, na mwaka 2015 ikawa filamu. Kumsikia msomaji hadithi ikiwa bado inatembea ni utajiri ambao mwandishi wa kitabu hana, na ni upumbavu kuutupa.

Kwa hiyo nimefikia akiba ya sehemu kumi. Mwisho uwe umeujua na kuuandika kwa ufupi, ukurasa mmoja, uuweke pembeni. Sehemu kumi ziwe zimeandikwa kama rasimu kabla ya ile ya kwanza kutoka. Kwa maneno 1,200 kwa siku hizo ni siku kumi za kazi, ukitoa Jumapili ni kama wiki mbili za subira, na subira hiyo ndiyo inayowashinda wengi kwa sababu wameshatangaza. Ukitoa sehemu tano kwa wiki na kuandika siku sita, kila wiki unaongeza moja kwenye akiba. Homa ikija, unazo wiki mbili nzima kabla msomaji hajaona lolote. Na kusahihisha kunafanyika siku ya kutoa: asubuhi unafungua rasimu uliyoiandika wiki mbili nyuma, umeshaisahau kiasi cha kuisoma kama mgeni, na umeshasikia wasomaji wanamlilia nani na wanamchukia nani. Ndipo unabadili. Sehemu mbili za mbele zinaguswa, nane za nyuma yake zinabaki salama. Akiba inakulinda na wakati huohuo inakuachia sikio.

Ukiila akiba, usiifiche. Ikishuka hadi nne, watangazie wasomaji kwamba wiki hii zitatoka tatu badala ya tano. Wasomaji wetu si wakatili. Wanachokasirikia ni kuachwa kwenye mataa.

Kwenye pesa nitakwenda haraka zaidi, kwa sababu ni hesabu ya duka. Usiuze sehemu moja moja. Makato ya kutuma pesa kwa simu yanaumiza kiasi kidogo kuliko kikubwa, na kila malipo ni kazi mara mbili, ya msomaji kutuma na yako kuhakiki. Uza kwa wiki au kwa mwezi. Tuseme sehemu tano ni shilingi 1,000, na una wasomaji 150: ni shilingi 150,000 kwa wiki kabla ya bando na makato, na hadithi ya sehemu 60 inakwenda wiki 12. Si utajiri, lakini ni ada ya shule, na hakuna mchapishaji anayekukalia. Sehemu kumi za mwanzo ziachie bure popote zinapoweza kusambaa. Hizo ndizo tangazo lako, na zinafaa kuwa bora kuliko zote.

Chagua pia chombo kwa makini. Kwenye kundi la WhatsApp namba za wanachama zinaonekana, na wasomaji wengi wa hadithi za mapenzi ni wanawake. Siku ya pili tu wanaanza kupigiwa na wasiowajua. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inaficha namba, lakini inachukua watu 256 na haimfikii ambaye hakuihifadhi namba yako. Chaneli ya Telegram inaficha namba, haina kikomo hicho, na anayejiunga leo anaweza kusoma tangu mwanzo. Lakini shangazi yako hana Telegram. Ikibidi, kuwa na vyote viwili, na siku moja tu kwa wiki ya kushughulikia malipo. Mimi hufanya Jumapili jioni. Anayejibu jumbe za miamala alfajiri amekwisha kuitoa saa yake ya kuandika.

Wizi wa nakala unauma, siupuuzi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Sajili kazi yako, tunza rasimu zenye tarehe. Ila anayenakili hadithi yako usiku wa manane na kuipeleka kundi lingine hataiogopa sheria kesho asubuhi. Kinga yako ya kila siku ni mfululizo wenyewe. Mwizi anaweza kunakili sehemu ya 30, lakini ya 31 hana, na hajui inaelekea wapi. Anayesoma za wizi anasoma akiwa amechelewa, na kwenye hadithi nzuri kuchelewa ni mateso. Ukitoa kwa ratiba isiyoyumba, wengi watahamia chanzo. Ukiyumba wewe, mwizi na wewe mnakuwa sawa, maana wote hamna ya leo. Wanaouza "full" kwa elfu mbili tangu siku ya kwanza ndio wanaoibiwa zaidi, kwa kuwa faili moja ikivuja imevuja yote. Faili kamili iuze mwishoni, wiki chache baada ya sehemu ya 60.

Stephen King, tajiri kuliko sisi sote, alijaribu mwaka 2000 kuuza The Plant kwenye tovuti yake kwa sehemu, dola 1 kwa kila moja ya mwanzoni, kwa uaminifu wa msomaji. Alisema ataendelea iwapo asilimia 75 ya wanaopakua watalipa. Malipo yalipopungua alisimama baada ya sehemu ya sita. Wengi humtumia kuonyesha kwamba wasomaji si waaminifu. Mimi huwafikiria wale waliolipa kila mara na hawakupata mwisho.

Kasi ina ubaya wake pia. Mwaka 2003 tovuti ya Qidian ya China ilianza kutoza wasomaji kwa kila herufi elfu, na waandishi wakalazimika kutoa kila siku bila kukosa. Wasomaji wa huko wana neno kwa sura zilizorefushwa bila tukio: husema ni maji. Sisi tuna picha hiyohiyo tangu zamani kwa muuza maziwa. Sehemu nzima mhusika akipanda bajaji na kukumbuka yaliyotokea sehemu tatu zilizopita, hayo ni maji, na msomaji aliyelipa elfu moja anayaonja kwenye ulimi. Kukata kila sehemu kwa mlio wa bastola au mlango kugongwa ni maji ya aina nyingine; kufikia mara ya tano msomaji anajua mgongaji ni mpangishaji tu. Ndiyo maana mstari wa tatu kati ya ile minne ni "nini kinabadilika". Kama hakibadiliki kitu, hakuna sehemu siku hiyo, hata ukiwa na maneno 1,200.

Mtunzi unayesoma safu hii na una hadithi iliyosimama kwenye sehemu ya 20 au ya 31, nakuomba usianze nyingine bado. Ifungue leo usiku, soma yote tangu mwanzo, andika mwisho wake kwenye ukurasa mmoja na mistari minne ya sehemu inayofuata. Usitangaze chochote. Zikifika kumi, waandikie wale waliokuwa wamelipa, uwape zote zilizobaki bila malipo. Yangu niliimalizia hivyo, miaka miwili baadaye. Kati ya niliowatumia, wengi walijibu usiku uleule, na wa kwanza aliniuliza tu kama mtoto alipona.